Mwaka Runyenjes Ilipoogopa Chafya

Watu wa Runyenjes walimwita Munyi daktari, ingawa hospitali pekee aliyowahi kulala ni ile aliyolazwa baada ya kupigwa teke na ng'ombe wa mwalimu mkuu. Kazi yake ilikuwa kupandisha ng'ombe kwa sindano. Alikuwa na pikipiki, mtungi wa mbegu za fahali uliofungwa nyuma kwa mipira ya baiskeli, glavu ndefu za kufika begani, na simu iliyoanza kulia kabla jogoo hajaamka vizuri, maana ng'ombe akitaka dume hamngoji mtu amalize chai.

Ilikuwa kazi ya kuingia kila boma, la mwenye nyumba ya mawe na la mwenye nyumba ya mbao, la Mkatoliki na la Mwanglikana. Kwa miaka mingi Munyi hakuhitaji kujua mwenye ng'ombe humpigia nani kura. Ng'ombe mwenyewe hakuwa na kitambulisho.

Mambo yaliharibika siasa za wadi zilipobaki za vyama viwili, kimoja alama yake Mwavuli na kingine Mwiko. Ungeuliza vinatofautiana wapi ungechoka bure, kwa sababu vyote viliahidi lami mpaka kwenye kiwanda, bei nzuri ya majani chai na maji ya mfereji kila nyumba. Lakini watu walivigawana kama timu za mpira. Hata nyumbani kwa Munyi hakukuwa na amani. Mkewe, Wambeti, alikuwa mwenyekiti wa akina mama wa Mwavuli, mwanamke wa sauti isiyohitaji kipaza sauti. Na kaka yake mkubwa, Njuki, aliyekaa ng'ambo ya ua wa miiba ya kayaba, alikuwa wakala wa Mwiko, na lango lake alikuwa amelichora mwiko mkubwa hadi wageni wakadhani ni hoteli.

Katika kampeni moja, Munyi aliitwa na mama mmoja mzee upande wa Kathanjuri. Alifika, akavaa gambuti, akavuta glavu, akamwendea ng'ombe.

"Umetoka wapi asubuhi hii?" mama akauliza.

"Kwa jirani yako hapo chini, mama."

"Yule wa Mwavuli?"

"Ng'ombe wake alikuwa anataka dume."

"Basi huo mkono hauingii kwa ng'ombe wangu."

"Mama, nimebadilisha glavu!"

"Glavu umebadilisha. Mkono ni ule ule."

Munyi alisihi, akaeleza, akaapa. Ng'ombe akageuza shingo akawatazama wote wawili kama mtu aliyechelewa safari. Mama hakubadilisha nia, na siku ile ikapita, na joto la ng'ombe likapita nalo. Munyi aliondoka akiongea peke yake. Alipofika kwenye kona ya kwenda mjini alisimamisha pikipiki, akakaa juu ya jiwe, akajiambia: hawa watu siku moja watakuwa wakipiga chafya wakikaribiana.

 Wazo lile lilimkaa kichwani kama wimbo, na kabla ya wiki kwisha alikuwa ameanza kuandika riwaya.

Aliiandika kipindi chote kati ya uchaguzi ule na uliofuata. Aliandika akisubiri ng'ombe afungwe, akisubiri maji ya kunawa, akisubiri mvua ipungue chini ya mapaa ya watu. Wenye maboma walidhani anaandika habari za mifugo, nao walikaa kimya kwa heshima.

Riwaya yenyewe ilikuwa ya mwaka elfu mbili mia moja na moja. Mji wa Runyenjes una treni inayopita angani kwenda Meru, na kahawa inachumwa na mashine zenye vidole laini kuliko vya mtoto. Madaktari wamemaliza magonjwa yote. Ndipo linapozuka moja wasilolijua: mtu akikaribiana na wa chama kingine, anapiga chafya. Hakuna siri tena. Bwana arusi anapiga chafya mbele ya madhabahu. Mapacha wanatenganishwa vitanda. Anayeuza vitambaa vya mkononi anatajirika na kununua treni. Katikati ya hayo yote kuna msichana anayeitwa Kiende, ambaye hapigi chafya kwa mtu yeyote, na kwa sababu hiyo vyama vyote viwili vinamwogopa kuliko adui. Siku ya kupiga kura, watu wanapangwa foleni moja, chafya inaanza mbele inaenda nyuma, na karatasi za kura zinapeperuka zote mpaka Mlima Kenya. Hakuna anayeshinda. Kiende anapanda treni ya angani, anaondoka.

Alimpelekea Wamuyu, mwenye duka la vitabu na mashine ya kutoa nakala karibu na soko. Wamuyu aliisoma akicheka hadi akasahau wateja, kisha akaipiga chapa na kuipeleka kwa mchapishaji Embu mjini.

"Jalada liwe jeupe," Munyi alimwagiza. "Lisiwe na rangi ya mtu."

"Jeupe linashika vumbi, daktari."

Mwavuli walikuwa na rangi ya kijani, Mwiko njano. Vitabu vilirudi na rangi ya supu ya njegere. Njuki alipokiona tu alisema, "Kijani! Nilijua." Wambeti naye alikishika kwa ncha za vidole. "Hii ni njano iliyooza," akasema, akakirudisha mezani.

Ikawa ni Julai, mwezi mmoja kabla ya uchaguzi, na ukungu umeshuka kutoka mlimani hadi mtu hakuona lango lake. Kila mtu alikuwa na mafua. Hakuna mwandishi mwenye akili ambaye angetoa kitabu cha chafya wakati kama huo, lakini Munyi aliwaza habari za ng'ombe na za mwaka elfu mbili mia moja na moja, hakuwaza habari za Julai.

Vitabu viliuzwa kama viazi vya siku ya soko. Hakuna aliyenunua ili asome hadithi. Walinunua ili wajitafute. Siku ya tatu Njuki alipita katika pengo la kayaba, kitabu kwapani, kofia yake ya manyoya kichwani.

"Munyi, huyu mzee wa kwanza kupata ugonjwa. Ana kofia ya manyoya."

"Wazee wengi wana kofia za manyoya."

"Taja mwingine."

Munyi alifikiri. Hakupata.

"Unaona!" Njuki akasema kwa uchungu. "Ndugu yangu wa tumbo moja! Na huyu msichana mzuri mzuri, mbona umempa jina la Kimeru? Sisi Waembu hatuna wasichana?"

"Ningempa la Kiembu, ungeniuliza ni binti ya nani."

Njuki aliondoka amekasirika, na jioni ile alilipaka lango rangi upya, mwiko ukawa mkubwa zaidi.

Kwa Wambeti ilikuwa mbaya kuliko hivyo. Yeye hakuwa amekisoma. Alikuwa na mikutano, alikuwa na nyimbo za kufundisha akina mama, na kwa kweli alidhani mumewe alikuwa akiandika habari za mifugo kama kila mtu. Lakini wenzake walimfungulia ukurasa.

"Kuna mwenyekiti humu," alimwambia Munyi akimwekea chai kwa nguvu hadi ikamwagika. "Mnene. Mwenye sauti. Anampigia shemeji yake chafya mpaka meno yanamtoka."

"Si wewe, mama Karimi. Wewe una meno yako yote."

Wambeti aliondoa bakuli la sukari mezani. Tangu siku hiyo chai ilikuja bila sukari.

Basi ukafika mkutano mkubwa wa Mwavuli, uwanjani kando ya soko. Mgombea wao aliitwa Kathuri, mwanamume mrefu wa suti, naye pia hakuwa amekisoma kitabu. Aliambiwa tu kwamba kimeandikwa na mume wa mwenyekiti na kwamba kinawatukana Mwiko. Akakiinua juu.

"Watu wangu! Mtoto wetu ameandika hapa, kwa kalamu yake, kwamba Mwiko ni ugonjwa!"

Watu wakashangilia. Wambeti akapanda jukwaani akiimba, amevaa kijani kuanzia kichwani hadi viatuni. Kathuri akafungua mikono amkumbatie mbele ya umati. Na mafua ya Julai hayachagui mtu. Alipomkaribia tu, uso wake ukakunjamana, kichwa kikarudi nyuma, akapiga chafya iliyosikika mpaka kwa wauza ndizi. Akajaribu tena kumkumbatia. Ikaja ya pili. Ya tatu ikamwangushia miwani.

Uwanja ukatulia. Kisha sauti moja kutoka nyuma ikasema, polepole, kama mtu anayepiga hesabu: "Kulingana na kitabu, mmoja kati ya hao wawili ni wa Mwiko."

Kathuri, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na kipaza sauti, aliwahi kujitetea. Alisema yeye ni Mwavuli wa damu. Hakusema zaidi, lakini hesabu ilikuwa rahisi. Akina mama waliacha kuimba mmoja baada ya mwingine, wakimtazama mwenyekiti wao, na mmoja wao akakumbuka kwa sauti kwamba shemeji ya Wambeti ni Njuki wa lango la mwiko, na kwamba ua wa kayaba una pengo.

Munyi alikuwa anarekebisha pikipiki mkewe alipofika nyumbani kwa miguu, viatu mkononi. Aliviweka viatu juu ya tangi la pikipiki. 

"Miaka yote hii nimewapigia vigelegele," Wambeti akasema. "Leo nimekuwa mpelelezi. Kwa sababu mwanamume mmoja hana kitambaa cha mkononi na mwingine hana kazi."

"Nina kazi," Munyi akasema.

"Ulikuwa nayo."

Na ilikuwa karibu kuwa kweli. Kwanza, mji mzima uliingiwa na hofu ya pua. Watu waliacha kukaanga pilipili milango ikiwa wazi. Vijana walisimama kwenye ukungu macho yakiwatoka machozi, wamebana pua kwa vidole viwili, na mtu akikosea chafya ikatoka, aliruka kutazama ni nani amesimama karibu naye. Shemasi mmoja aliizuia chafya tangu mahubiri hadi sadaka. Ilipomshinda, kitabu chake cha nyimbo kilitua safu ya mbele.

Kisha vijana wa Mwiko, waliokuwa na akili ya aina yake, walikwenda Mbeere wakarudi na ugoro. Waliupeperusha kwenye mkutano wa Mwavuli upande ulikotoka upepo, na Mwavuli wote wakapigiana chafya wenyewe kwa wenyewe, ikawa hakuna aliyemwamini mwenzake tena. Mwavuli nao wakatafuta ugoro wao. Wazee waliouhitaji kwa matumizi yake ya halali wakaukosa sokoni, na hao ndio waliokuja kumlalamikia Munyi kwa hasira kuliko wote.

Mchungaji Riungu ndiye aliyeamua kumaliza. Alikuwa mtu wa Kanyakine kule Meru, ameletwa Runyenjes na kanisa mwaka uliopita, na aliamini kwamba mgeni anaweza kupatanisha wenyeji. Aliita maombi ya amani, Jumamosi mchana, vyama vyote viwili. Mwavuli waliketi kushoto, Mwiko kulia, na katikati pakaachwa nafasi ya kupita trekta. Wambeti, ambaye hakuwa na upande tena, aliketi benchi la nyuma peke yake. Njuki alipoona hivyo alitoka upande wa Mwiko, akaenda akaketi benchi lile lile, mwisho wake kabisa, akitazama mbele kana kwamba ni benchi ndilo lililomfuata yeye.

"Daktari," Mchungaji akasema, "simama. Uwaambie watu jambo moja tu, tuende nyumbani. Huyu Kiende wako ni wa chama gani?"

Munyi alisimama. Aliwahi kusimama mbele ya mafahali, lakini hakuwahi kusimama mbele ya watu wengi waliosafisha masikio kiasi kile.

"Hana chama, Mchungaji."

Kanisa likanguruma.

"Kila mtu ana chama!" mtu wa kushoto akasema.

"Anaficha!" akaitikia wa kulia, na hilo likawa jambo la kwanza walilokubaliana mwaka ule.

"Ni mtu wa kubuni," Munyi akasema. "Hayupo. Hata hajazaliwa. Ni wa mwaka elfu mbili mia moja na moja!"

"Basi wazazi wake ni nani?"

Munyi alikuwa anafungua mdomo ajibu wakati mtu fulani, na mpaka leo kila upande unasema alikuwa wa upande ule mwingine, alipoachia ugoro kwenye feni. Kanisa lilikuwa na feni moja, zawadi ya wafadhili, ambayo katika baridi ya Julai haikuwa na kazi yoyote. Mkono fulani ukabonyeza swichi, ikazunguka. Wingu la kahawia likashuka taratibu.

Ilianza kwa kwaya. Ikaenda kwa wazee, ikavuka ile nafasi ya trekta bila kuuliza kadi ya chama. Kathuri akapiga chafya, mgombea wa Mwiko akapiga chafya, Mchungaji Riungu akashika mimbari kwa mikono miwili akapiga nyingi mfululizo kwa Kimeru. Wambeti na Njuki walikuwa wameinamiana kule nyuma, kila mmoja akimpiga mwenzake mgongoni. Watoto wachanga walipiga chafya. Mbwa wa mlinzi, aliyekuwa mlangoni, alipiga chafya akakimbia.

Vumbi lilipotulia na watu kufuta macho, wote waliona kitu kimoja. Munyi alikuwa bado amesimama pale mbele, pua kavu.

Haikuwa siri kubwa. Miaka ishirini ya mazizi na mitungi ya mbegu ilikuwa imeimaliza pua yake, hasikii hata harufu ya dawa ya kuogeshea ng'ombe. Lakini nani angeeleza hayo wakati ule?

"Daktari hajapiga," mtu akanong'ona.

"Hata moja."

Munyi aliona macho yote yakimgeukia, akaelewa jinsi Kiende alivyojisikia, na akajuta kwamba mateso yake aliyaandika kwa wepesi mno. Akajaribu kujilazimisha. Akakunja uso, akarudisha kichwa nyuma, akavuta pumzi. Kikatoka kikohozi kidogo cha mtu anayebisha hodi.

"Anaigiza!" wakapiga kelele pande zote mbili.

Munyi alitorokea mlango wa vyombo vya kwaya.

Siku zilizofuata simu haikulia. Mwavuli walitangaza kwamba daktari asiitwe, Mwiko wakatangaza vivyo hivyo. Munyi alikaa nyumbani akipangusa mtungi ambao haukuwa na uchafu, na Wambeti, aliyekuwa na muda sasa, alikaa upande mwingine wa meza akichambua maharagwe ambayo hayakuwa na mawe. Hawakuongea sana. Lakini Wambeti aliporudi kutoka kanisani siku ile macho yakiwa bado mekundu alikuwa amesema, "Kile kikohozi, baba Karimi," akatoka nje haraka, na Munyi aliona mabega yake yakitikisika nyuma ya jiko. Sukari ilirudi kwenye chai kesho yake.

Vyama vinaweza kuamua mambo mengi, lakini ng'ombe akitaka dume anataka dume. Simu ya kwanza ililia mchana mmoja, sauti ikinong'ona: "Daktari, pitia kwenye kahawa, nyuma. Zima pikipiki ukifika barabarani." Alikuwa ofisa wa Mwavuli. Munyi alikuwa bado anasukuma pikipiki kati ya mibuni simu ya pili ilipolia, naye alikuwa wa Mwiko, akimwomba apitie mtoni. Wiki ile Munyi alifanya kazi kuliko alivyowahi, yote kwa njia za panya, na kila mwenye boma akimwapisha asiseme. Jambo likafichuka pale wawili wa vyama vilivyopingana walipogongana kwenye ukungu, mmoja akimsindikiza daktari kutoka shambani kwake, mwingine akija kumpokea daktari yule yule. Baada ya hapo aliitwa tena kwa mlango wa mbele.

Uchaguzi ulikuja, ukapita. Hakushinda Mwavuli wala Mwiko. Alishinda mgombea huru, mwanamume mpole mwenye alama ya kikombe, ambaye mafua yalimlaza kitandani kipindi chote cha kampeni, hivyo hakupata nafasi ya kumkosea mtu yeyote.

Wambeti aliomboleza kidogo, kisha akachoka kuomboleza. Asubuhi moja alichukua kile kitabu cha rangi ya njegere na kukianza ukurasa wa kwanza. Alikisoma akipika, akakisoma akichunga sufuria, githeri ikaungua. Alipomaliza, Njuki alikuwa ameshakuja kuomba chumvi, maana pengo la kayaba sasa lilipitwa na wote.

"Huyu Kiende," Wambeti akasema, "amekosea. Angebaki. Mji ni wake, watu ni wake, anapanda treni anaenda wapi?"

"Abaki afanye nini?" Njuki akavuta kigoda. "Na vile walivyomtesa? Mimi ningekuwa yeye ningeondoka sura ya nne."

"Sura ya nne mama yake ni mgonjwa, shemeji!"

"Mama ana watoto wengine."

"Watoto gani? Umesoma kweli wewe?"

"Nimesoma mara mbili!"

Wamuyu wa duka la vitabu, aliyekuja kumwambia Munyi kwamba nakala zimekwisha na watu wanataka zaidi, alisimama mlangoni akasikiliza, kisha akasema kwamba dukani kwake pia ni hivyo hivyo, kuna wa Kubaki na kuna wa Kuondoka, na jana walirushiana maneno mbele ya mashine. Yeye mwenyewe alikuwa wa Kuondoka. Wambeti akamwambia aketi chini aelezwe.

Munyi aliwatazama wote watatu. Moyo wake ulimjaa kitu ambacho hangeweza kukitaja mbele ya Njuki. Simu ikalia kutoka Kathanjuri. Akavaa gambuti, akafunga mtungi nyuma ya pikipiki, na alipokuwa akiisukuma kuelekea lango, Wambeti alitoa kichwa dirishani.

"Baba Karimi! Simama hapo. Wewe uliyemwandika, uko upande gani?"

Munyi alipiga teke pikipiki ikawaka mara moja, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, akaondoka.